Kunyoosha mstari wa mita 500: shika ncha mbili kwanza

Nguzo za mkanda wa kubebea mawe ya chokaa, reli, ukuta wa gati, bomba: hapa Tanga vyote hukosewa kwa namna ileile. Mpimaji anafunga mashine ya kupimia pembe, analenga kigingi kilicho mita 20 nyuma yake, anapindua darubini na kupeleka mstari mbele mita 500. Kigingi kikiwa kimehama milimita 2 tu, kule mwisho umeshapotea sentimita 5. Ni uwiano wa kawaida, 500 kwa 20 ni mara 25, na hakuna totali stesheni (mashine ya kielektroniki ya kupima pembe na umbali) ya bei yoyote itakayokuokoa.

Kwa hiyo jenga bikoni za zege, yaani nguzo fupi za alama, kwenye ncha mbili kabla ya kingine chochote. Tafuta mwamba wa matumbawe. Kwenye udongo laini karibu na mikoko chimba upite tabaka laini, la sivyo bikoni itatembea masika yakianza. Juu yake zamisha kipande cha shaba chenye nukta. Msumari wa kawaida kwenye hewa hii ya chumvi unavimba kutu, na nukta ya milimita 1 inageuka doa.

Ncha zikionana, funga mashine kwenye moja, lenga nyingine, kisha panga nguzo za kati. Zisipoonana, kazi inaongezeka kidogo. Funga mashine katikati kwa kukisia, pima pembe kati ya ncha hizo mbili. Haitakuja nyuzi 180 kamili. Chukua upungufu kwa sekunde za pembe (nyuzi moja ina sekunde 3,600), gawa kwa 206,265, namba inayogeuza sekunde kuwa uwiano wa urefu, zidisha kwa umbali wa kila ncha, kisha gawa kwa jumla ya umbali huo. Upungufu ukiwa sekunde 20, ncha moja ikiwa mita 300 na nyingine 200, unapata milimita 11.6. Legeza bolti inayoshika mashine kwenye miguu, isogeze kiasi hicho kuelekea upande ambao pembe ni ndogo kuliko 180, sawazisha, pima tena. Kwa kawaida mara tatu zinatosha. Ikiendelea kucheza, acha hesabu uangalie miguu: mara nyingi mmoja umekaa kwenye mchanga.

Pembe zote zipimwe kwa uso wa kushoto na wa kulia, yaani mara moja kawaida na mara moja darubini ikiwa imepinduliwa na mashine kuzungushwa, uchukue wastani. Lenzi iliyokengeuka sekunde 10 hutupa sekunde 20 ukipindua darubini kwa uso mmoja tu, yaani karibu sentimita 1 kwa kila mita 100.

Kisha kuna hewa, na hapa ndipo wengi wanapodanganywa, maana darubini huonyesha picha safi kabisa. Ukuta au mabati yaliyopigwa na jua hupasha hewa ya jirani. Joto likitofautiana nyuzi 0.2 za Selsiasi kwa kila mita kwenda ubavuni, na hali hiyo ikidumu njia nzima ya mita 500, mwonzi hupinda zaidi ya sentimita 2. Leza nayo hupinda vilevile. Walipopanga kichapuzi cha chembe (mashine ya kuzipa kasi chembe ndogo kuliko atomu) cha Stanford, Marekani, chenye urefu wa karibu kilomita 3, walipitisha leza ndani ya bomba lililonyonywa hewa. Sisi bomba hatuna, tuna alfajiri: pima kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, au siku ya mawingu, na mstari wa macho ukae angalau mita 1 mbali na kuta na ardhi.

Waya unaovutwa kuonyesha mstari pia una siri yake. Waya wa chuma wa milimita 0.5, mita 50, ukivutwa kwa uzito wa kilo 10, hulegea kama sentimita 5 katikati. Hilo halina shida, unautazama kutoka juu kwa timazi. Shida ni upepo wa ubavuni: mita 5 kwa sekunde, upepo mdogo tu kwa pwani hii, unausukuma takriban sentimita 3. Nailoni ya kuvulia ni mbaya zaidi, isiguswe.

Ukipata ncha kwa GPS, jihadhari na umbali. Tanga iko karibu na longitudo 39, katikati ya kanda ya 37 Kusini ya UTM (mfumo wa ramani unaoigawa dunia kwa kanda), ambako kipimo cha ramani ni 0.9996 cha ardhini. Mita 500 za ardhini husomeka 499.80. Mstari haupindi, lakini matundu ya vyuma vilivyokatwa kiwandani hayatakutana na bolti zako.

Kwa kimo, kumbuka mstari wa macho na usawa wa maji huachana sentimita 2 kwa mita 500, kwa sababu ya mpindo wa dunia. Amua mapema unachofuata.

Matundu ya bamba la chini la kila nguzo yafanywe marefu, uweze kusogeza milimita 20 kila upande. Usikaze mwisho zege likiwa bichi. Subiri likomae, rudia upimaji kutoka ncha ya pili asubuhi nyingine, ndipo ukaze na kujaza saruji chini ya bamba.