Mswada wangu uliporudi, nilianza kusoma vitabu vya watoto upya

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, naandika riwaya ya watoto, nimefika sura ya nne nimekwama. Nifanyeje?" Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili, nikashindwa. Swali lake limegusa kidonda ambacho bado hakijafunga.

Mwezi wa tatu mwaka huu mswada wangu ulirudishwa. Nilikuwa nimeuandika kwa miaka miwili, usiku, watu wa nyumbani wakishalala. Ni habari ya kijana wa miaka 12 anayemtafuta mbuzi wa bibi yake katika Milima ya Usambara. Mhariri alinijibu kwa sentensi moja: mtoto wako hana kazi humu ndani. Kurasa 140, sentensi moja! Niliumia, na bado naumia. Angalau angesema neno juu ya ukungu wa Lushoto asubuhi, maana ile sura nimeiandika vizuri na najua nimeiandika vizuri.

Basi nikaacha kuandika, nikaanza kusoma.

Nilianza na Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996. Mara ya kwanza niliisoma nikiwa msichana, nikaiazima kwa binamu yangu aliyekuwa anasoma Mombasa, na nilichokumbuka ni machozi tu. Safari hii niliisoma na kalamu mkononi. Kongowea Mswahili anazaliwa Tanga, mama yake mwimbaji wa taarab, baba hamjui. Mama anafariki, na mtoto anabaki na matusi ya watu kuhusu kuzaliwa kwake. Halafu anaondoka mwenyewe kwenda Kenya kumtafuta baba. Anajisimulia kwa mdomo wake, na akikosea njia ni yeye aliyekosea. Nilifunga kitabu nikaufungua mswada wangu. Kila kijana wangu alipokwama, babu alitokea na jibu. Mara tano! Nilihesabu.

Nikaenda kwa Shaaban Robert, Adili na Nduguze. Wengi wetu tulikutana nacho shuleni, tukakiogopa kwa sababu ya mtihani. Kisome sasa bila mtihani. Ikibali anatumwa na Mfalme Rai kwa Adili kukusanya kodi, na usiku anachungulia: mtu mpole, anayesifiwa na kila mtu, anawachapa manyani wawili kwa mjeledi, kisha analia na kuwalisha. Nani ataweka kitabu chini hapo? Shaaban Robert ana mawaidha mengi, hata majina yake yanafundisha: nduguze Adili wanaitwa Hasidi na Mwivu. Lakini kwanza amekutia kiu. Mimi nilikuwa nikiwamiminia watoto maji kabla hawajaona jua.

Na Marimba ya Majaliwa ya Edwin Semzaba: kuisaka marimba kunamzungusha mtoto mikoa mingi ya Tanzania, na nchi unaijua kwa sababu yeye ana shida ya kufika. Mimi milima yangu niliisifia tu. Nimekiri kwa uchungu, kwa sababu ule ukungu naupenda.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyekwama sura ya nne, tafuta mtu mzima anayemfanyia mtoto wako kazi, umwondoe. Mfungishe safari, mfanye augue, mpeleke sokoni, lakini aondoke. Kisha soma kwa sauti. Mimi nilimsomea mpwa wangu wa miaka 11 sura yangu ya kwanza, ile ya ukungu, akaanza kukwaruza meza kwa kucha. Sikumkemea. Usiulize mtoto kama kitabu ni kizuri, atakujibu ndiyo kwa adabu. Tazama mikono yake.

Na wenzangu, tusiandike kwa haraka ya kupata jina. Tunataka vitabu vyetu viingie madarasani, sawa, hata mimi nataka, lakini tunawaandikia watoto tusiowasikiliza. Tunawapa methali kabla ya kuwapa shida. Kaa na watoto. Soma waliotutangulia, usome tena, na usione haya kusoma kitabu cha watoto kwenye daladala. Mtu aliniuliza kama naenda kufundisha chekechea. Nikamwambia nasoma, nikaendelea kusoma.

Sura ya kwanza nimeiandika upya. Babu amekwenda Korogwe kwa matibabu, hatarudi mpaka mwisho. Kijana amebaki na kibatari kisicho na mafuta ya kutosha, na nyayo za mbuzi zimeishia mtoni. Nilipofika hapo juzi niliacha kusoma kwa sababu koo lilikauka. Mpwa wangu akazichukua karatasi mkononi mwangu, akatoka nazo nje.