Ukitaka kuchora jengo la studio yako mwenyewe

Jengo unaloingia kila siku ni gumu kulichora, kwa sababu mkono hufuata unachokijua badala ya kile jicho linachokiona. Dirisha unalolipenda hukua, mlango husogea katikati. Dawa yake ni kupima. Rudi nyuma angalau mara tatu ya kimo cha jengo, nyoosha mkono bila kuukunja, fumba jicho moja, upime mlango kwa mpini wa brashi. Kisha hesabu upana wa ukuta unaingia milango mingapi.

Hapa Mwanza chagua mwezi kabla ya kuchagua saa. Tuko kusini kidogo tu ya ikweta, hivyo kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua la mchana huwa upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki huwa kusini. Ukuta unaotazama kusini utakaa kivulini Juni yote, usubiri Desemba. Fanya kazi kati ya saa 1:30 na saa 3:30 asubuhi. Karibu na saa 7 mchana jua liko utosini na ukuta hauna umbo. Chora mipaka ya vivuli kwanza, kisha usiibadilishe, hata jua likihama.

Kwenye miteremko ya Isamilo au Bugando wengi hukosea mstari wa macho, yaani mstari wa kwenye picha unaoonyesha usawa wa macho yako. Ukingo wa maji wa ng'ambo ya ghuba uko chini ya usawa wa macho yako. Ukiufanya ndio mstari huo, paa lote litapinda.

Mabati ya paa usiyachore kila mgongo mmoja mmoja. Weka rangi ya anga iliyofifishwa, halafu migongo michache karibu na ukingo wa paa. Mawe yetu nayo si ya kijivu tupu: changanya bluu ya ultramarini, kahawia ya sienna iliyochomwa na nyeupe, ukiacha kahawia itawale palipo na jua.

Usilitenge jengo na mtaa wake. Vincent van Gogh alipochora Nyumba ya Manjano huko Arles mwaka 1888, alimokuwa na studio, aliweka pia majirani, rundo la udongo barabarani na treni darajani. Kwako, fundi baiskeli na jabali la nyuma ya choo vina haki hiyohiyo.

Wale wadudu wadogo wa ziwani wakinasa kwenye rangi ya mafuta, usiwafute ikiwa mbichi, maana utaipaka doa. Iache ikauke kabisa, kisha wapukute kwa brashi ngumu.