Dada Yangu Hapumziki: Nimsaidieje?

SWALI: Dada yangu ana mtoto wa miaka 6 mwenye mtindio wa ubongo, yaani hitilafu ya ubongo inayoathiri misuli na mwendo. Kila nikimuuliza kama anahitaji msaada hunijibu kwamba hajambo, ingawa namwona amechoka. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu msomaji, acha kuuliza swali hilo la jumla, kwa maana mtu aliyechoka hana hata nguvu za kukupangia kazi, mwambie kwamba kila Jumamosi asubuhi utakaa na mtoto, naye alale. Kwanza jifunze kwake namna ya kumlisha: mtoto aketi wima, kichwa kikiinama mbele kidogo, kijiko kiende polepole, nawe umngoje ameze kabla ya kumwongezea, kwani chakula kinaweza kupotea njia na kuingia mapafuni. Na msaada wa serikali kwa familia kama hii, nasisitiza, si hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika kifungu cha 23, unazitaka serikali ziwape watoto hawa na familia zao taarifa, huduma na msaada mapema. Kwa hiyo, dada yako atakapokwenda kuomba huduma hizo, fuatana naye, na mtoto umbebe wewe.