Apt haioni VLC? Anza na orodha ya vifurushi

Umeandika `sudo apt install vlc` kwenye Ubuntu ili kusakinisha VLC, programu ya kucheza video, na apt, zana ya kusakinisha programu, ikajibu "Unable to locate package" (kifurushi hakikupatikana). Mara nyingi programu ipo. Kilichochakaa ni orodha ya vifurushi kwenye kompyuta yako. Isasishe kwa `sudo apt update`, kisha rudia. Bado inagoma? VLC hukaa kwenye universe, mojawapo ya hazina ambazo apt huchukua vifurushi, ambayo huenda imezimwa: `sudo add-apt-repository universe`, halafu update tena. Kagua na tahajia. Majina ya vifurushi hayana herufi kubwa.

Ukiambiwa dpkg (programu ambayo apt huitumia kuweka vifurushi) imefungwa, mara nyingi kuna usasishaji unaoendelea chinichini. Subiri umalizike. Wapo watakaokushauri ufute faili la kufuli, linalozuia programu mbili kutumia dpkg kwa pamoja. Usiwasikilize, maana programu mbili zikiandika kwenye hifadhidata ya dpkg kwa wakati mmoja zinaweza kuivuruga, na kuitengeneza ni kazi.

Kwa faili la .deb (kifurushi cha programu) ulilopakua mwenyewe: `sudo apt install ./jina.deb`. Usiache ile `./`, la sivyo apt italitafuta kwenye hazina. Njia hii huvuta na vitegemezi vyake, yaani vifurushi vingine ambavyo programu hiyo inavihitaji. `dpkg -i` haivuti. Ukishakwama nayo, endesha `sudo apt --fix-broken install`.