Ukiagiza raba China, nunua kwanza rula

Kila wiki napata ujumbe wa namna moja: "Dada, nina milioni mbili, nataka kuagiza raba China, nianzie wapi?" Wengine pesa yenyewe wameikopa kwenye kikoba, na kuna mmoja aliuza bodaboda yake. Ninaandika kwa ajili yao. Mzigo wangu wa kwanza niliuagiza kwa pesa ya mkopo, na wakati huo hata kupima kiatu nilikuwa sijui.

Nilichagua kwenye simu. Raba nyeupe, safi, na bei yake ya jumla ukiigeuza shilingi haifiki nusu ya niliyoiona Kariakoo. Nikazidisha kwa pea sitini, nikaona faida, nikatuma pesa.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa kijana wa bodaboda. Alikaa kwenye stuli, akavua ndala, akaingiza mguu, akasimama na kukunja uso. "Dada, mimi navaa 42 siku zote. Hii inanibana vidole." Nikampa 43, ikamkaa. Aliyefuata akawa hivyohivyo. Baada ya wiki mbili namba 43 na 44 zilikuwa zimekwisha, na ukutani zimejaa 39 na 40 ambazo hakuna mwanaume aliyezigusa. Baadhi zilinidodea mwaka mzima, mpaka nikazitoa kwa bei ya kununulia.

Sababu yake ni rahisi ukishaijua. Viwanda vingi vya China hupima kwa milimita. Geuza ulimi wa kiatu utaona 255, 260, 265. Kwa hesabu yao, chukua sentimita, zidisha kwa mbili, toa kumi, unapata namba. Kwa hiyo 260, yaani sentimita 26, ni namba 42. Sasa chukua Nike namba 42 usome lebo yake: inaandika sentimita 26.5. Mteja wako amezoea 42 ya pili, wewe unampa ya kwanza. Nusu sentimita hiyo yote anaisikia kidoleni.

Ndiyo maana nasema nunua rula. Mwambie muuzaji atoe soli ya ndani, ailaze kando ya rula, akupigie picha, kwa kila namba unayotaka. Kisha upime miguu ya watu wako, kisigino kikiwa ukutani, hadi ncha ya kidole kirefu. Soli ya ndani izidi mguu kwa nusu sentimita hadi sentimita moja. Muuzaji akikataa kupiga picha hiyo, ambayo haimchukui dakika tano, tafuta mwingine.

Na usikubali katoni iliyogawanywa sawa kwa sawa. Mimi nililetewa pea mbili za kila namba kuanzia 39 hadi 44, ndivyo walivyozoea kufunga. Raba za kiume dukani kwangu huanza kuisha zile 43 na 44. Omba mgawanyo wako, hata wakikuongezea yuan (pesa ya China) moja au mbili kwa kila pea. Hiyo ni nafuu kuliko kiatu kinacholala ukutani.

Rula hiyohiyo itakusaidia kwenye boksi. Boksi la kawaida la raba lina urefu wa sentimita 33, upana 20, kimo 12. Zidisha: sentimita za ujazo 7,920. Kwenye meli unalipia ujazo kwa CBM, yaani mita moja ya ujazo, kwa hiyo ndani ya CBM moja zinaingia kama pea 120 zikiwa na maboksi yake. Tuseme ajenti wa kusafirisha mzigo anatoza dola 400 kwa CBM: kila pea tayari imebeba zaidi ya dola tatu kabla hujalipa boda wa kuipeleka kwa mteja. Kwa ndege ni kilo, lakini si kilo za mzani peke yake. Wanachukua ile 7,920 wanagawa kwa 6,000, wanapata kilo 1.32, halafu wanakutoza uzito ulio mkubwa. Kiatu changu kilikuwa na gramu 900 pamoja na boksi lake. Gramu zaidi ya 400 kwa kila pea nililipia hewa.

Siku hizi naomba viatu vifungwe kwenye mifuko, vijazwe karatasi ndani visibonyee, na maboksi yakunjwe yalazwe pembeni. Nimeshaingiza karibu pea 200 kwenye CBM moja kwa njia hiyo. Hakikisha tu wameweka vile vipakiti vya kunyonya unyevu, maana kontena likikaa baharini mwezi mzima hutoa jasho, na raba nyeupe ikipata ukungu hata dawa ya meno haiisafishi.

Muulize pia ajenti swali moja kwa maandishi: bei yako ya CBM ina kodi ndani au haina? Forodha haitozi kwa bei ya kiatu peke yake. Inajumlisha bei, bima na usafiri, ndipo ushuru unapigwa, na VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya vyote hivyo pamoja na ushuru wenyewe. Niliwahi kuambiwa "usijali dada, kila kitu kimo", na mzigo ulipofika nikaambiwa niongeze.

Kilichoniuma zaidi kuliko namba ni gundi. Mwezi wa pili tangu nianze kuuza, viatu vikaanza kurudi, soli imeachia puani kama mdomo wa samaki. Nilivipeleka kwa fundi viatu wa mtaani kwetu, mzee ambaye ameshona viatu tangu sijazaliwa. Aliivuta soli kwa vidole viwili ikatoka yote. "Ona mwanangu," akaniambia. Gundi ilikuwa imebaki upande mmoja kama ngozi ya maziwa, upande wa pili mweupe pe. "Hawakukwangua. Gundi haishiki mahali palipoteleza." Nilirudisha pesa za watu wanane, na sijutii, kwa sababu watano kati yao bado ni wateja wangu.

Kwa hiyo sampuli kwanza, siku zote. Ikifika, ikunje katikati uangalie kama pua inafunguka. Angalia mshono wa ubavuni: mwingine si uzi, ni mistari iliyochorwa kwenye mpira. Iache juani juu ya bati kutwa nzima, kesho yake uiloweke. Jua la Dar litakupa jibu kabla ya mteja.

Kuhusu zile zenye nembo kubwa kwa bei ya kutupa, nasema wazi: usiguse. Huko Fujian mji wa Putian unajulikana duniani kwa nakala, na wauzaji watakuambia ni orijino iliyotoroshwa kiwandani. Ni feki. Hapa kwetu Tume ya Ushindani, FCC, hukamata na kuteketeza bidhaa za aina hiyo kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963; Kenya nao wana sheria yao ya 2008. Mtaji wa kikoba hauwezi kustahimili moto huo. Mkoa huohuo una Jinjiang, nyumbani kwa Anta na Xtep, na viwanda vingi vinavyotengeneza raba nzuri zisizoiga jina la mtu.

Malipo: asilimia 30 kwanza, iliyobaki baada ya kuona video ya mzigo wako wenyewe. Anayekuomba utoke kwenye mtandao wa mauzo umtumie kwenye akaunti yake binafsi ili akupunguzie bei, mkatalie.

Angalia na kalenda yao. Mwaka mpya wa Kichina huangukia kati ya Januari 21 na Februari 20, na kabla na baada yake viwanda hubaki vitupu kwa wiki kadhaa. Oktoba 1 hadi 7 wanapumzika tena. Meli huchukua siku 30 hadi 45, na bandarini kuna siku zake. Anayetaka kuuza Krismasi aagize Septemba.

Kwa mwenye milioni mbili: leta pea mbili za sampuli kwa ndege. Moja iloweke, nyingine mpe mtu anayezunguka sana aivae wiki tatu. Ikibaki nzima, agiza katoni mbili za aina moja, nyeusi na nyeupe, na nusu ya pesa yako ibaki ndani. Sampuli zangu mpaka leo nampa yule kijana wa bodaboda. Ya mwezi huu, namba 43 ya China, ameanza kuivaa Jumatatu.