Kilomita nane za dalali

SWALI: Nimepata kazi kwenye ghala Kariakoo, naingia saa 2 asubuhi, na nataka kwenda kwa baiskeli kila siku. Dalali mmoja ananipeleka Kimara, anasema barabara ya mwendokasi ina njia ya baiskeli mpaka mjini. Mwingine anasema nichukue Tabata, ni kilomita nane tu. Wewe unaonaje?

JIBU: Ndugu yangu, kwa kazi ya Kariakoo tafuta Ilala, hata kama chumba kitakuwa kidogo kuliko cha Kimara. Magomeni nayo ni karibu, ila masika Jangwani hujaa maji na barabara hufungwa, basi uwe na nauli ya akiba.

Sasa hiyo "kilomita nane tu". Mwendesha baiskeli wa Dar hauawi na kilomita. Cha kuuliza ni barabara ipi utalazimika kuivuka, wapi, na saa ngapi. Kutoka Tabata huingii Kariakoo bila kuivuka Mandela, na Mandela ndiyo njia ya malori yanayotoka bandarini kwenda Ubungo na kuendelea bara. Semitrela yenye kontena ikikata kona ya kushoto, kichwa hutangulia mbele huku matairi ya nyuma yakikata ndani, yakikwangua ukingo wa barabara. Pale ukingoni ndipo wewe umesimama, na dereva kwenye kioo chake hakuoni. Kwenye taa kaa nyuma ya lori, usijipenyeze kushoto kwake hata kama pana nafasi ya kutosha baiskeli tatu. Kilomita kumi na mbili zisizo na mvuko wa namna hiyo ni afadhali kuliko nane zenye nao, mara mbili kwa siku.

Kimara ni takriban kilomita 15. Njia ya pembeni ipo kweli, lakini jioni utaigawana na bodaboda, meza za wamachinga na magari yaliyoegeshwa, na kila ukiiacha unaangukia kwenye magari. Njia yenyewe ya mabasi si yako. Halafu kuna mlima. Matangi ya maji hayakujengwa Kimara kwa mapambo: kule ni juu, na wewe utaupanda ukitoka kubeba mizigo kutwa nzima. Kama baiskeli yako ni Phoenix isiyo na giya, yenye kilo karibu ishirini, utaisukuma kwa mguu.

Kinachochosha ni hawa madalali. Dalali hajakanyaga pedali tangu shule ya msingi, lakini anakuhesabia "dakika ishirini" kwa kutazama ramani ya simu saa 5 asubuhi, barabara ikiwa tupu. Ukishalipa kodi ya miezi sita na mwezi wake mmoja wa udalali, humwoni tena.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi, iendeshe njia yenyewe siku ya kazi, Jumatatu ikiwezekana. Toka mlangoni mwa hicho chumba saa 12 na nusu asubuhi, rudi saa 11 jioni. Jumapili haihesabiki. Kwenye mvuko mkubwa shuka, simama dakika kumi, hesabu malori yanayokata kona na uone kama kuna taa inayompa mtembea kwa miguu zamu ya kupita. Rudi tena siku baada ya mvua, uangalie kipande cha kutoka lami hadi nyumbani. Mchanga mkavu unazamisha tairi nyembamba, na tope la mfinyanzi linajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Mita mia tatu za hivyo zinatosha kukuchelewesha kazini.

Ndani ya nyumba, beba futi kamba. Pima upana wa mlango na kona ya ukumbi, kisha pima usukani wako. Ghorofa ya pili bila lifti maana yake unapandisha hizo kilo ishirini ngazi kwa ngazi kila usiku. Nondo za dirisha zitikise kwa mkono kabla ya kuzitegemea kwa mnyororo. Na kama ukumbi umejaa majiko na ndoo za wapangaji wenzio, muulize mwenye nyumba, mbele yao, baiskeli italala wapi. Akikujibu "hapo nje tu, mtaa huu una amani", nenda kaangalie nyumba nyingine.