Kabla ya Kuogopa Saratani, Lijue Jina la Kidonda Chako

Juma hili msomaji mmoja ameniandikia akiuliza kama vidonda vyake vya tumbo vitageuka kuwa saratani, kwa kuwa daktari alimwambia tu kwamba "si kitu kibaya" kisha akamwandikia dawa. Nami niliambiwa hayohayo, na mpaka leo yananiuma, kwa sababu jibu langu la maabara lilikuwa na neno metaplasia ambalo hakuna aliyejishughulisha kunifafanulia.

Daktari mwingine ndiye aliyenifungua macho. Alinieleza kwamba mwaka 1975, mtafiti wa saratani Pelayo Correa na wenzake walipendekeza kwamba saratani ya tumbo ya aina iliyozoeleka zaidi hupanda ngazi: utando wa ndani huvimba kwa muda mrefu, husinyaa, seli zake hubadilika zikafanana na za utumbo (ndiyo metaplasia yenyewe), kisha huanza kukua ovyo, na baada ya hapo ndipo saratani. Hayo huchukua miaka mingi, na wengi hawafiki juu kamwe. Kianzilishi mara nyingi ni bakteria Helicobacter pylori, ambaye tangu mwaka 1994 ametambuliwa rasmi na taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani kuwa kisababishi cha saratani.

Kwa hiyo uliza kidonda kiko wapi, na kinyama kilichochukuliwa ili kupimwa maabara kimeonyesha nini. Kidonda cha duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, hakimweki mtu karibu na saratani ya tumbo. Kidonda cha tumboni kwenyewe ni jambo jingine, kwani huenda kikawa saratani iliyojificha tangu mwanzo. Ndiyo maana hupimwa tena kwa kamera baada ya dawa, ili ithibitike kwamba kimepona. Polipu, yaani vinyama vinavyoota kwenye utando wa tumbo, nyingi hazina madhara, ila adenoma, aina inayoweza kugeuka saratani, huondolewa.

Mimi nilimaliza dawa zote, kipimo cha pumzi kikathibitisha kwamba bakteria ametoweka, na kamera ya hivi karibuni haikuona hatua mpya, jambo ninalolisema kwa fahari. Wapo wanaoacha antibiotiki mara kiungulia kinapotulia. Jamani, maumivu kuisha si bakteria kuisha! Metaplasia yangu ingali pale, na kwa kuwa imeenea, nimepangiwa kuchunguzwa kila baada ya miaka 3. Lakini mwenye kinyesi cheusi, anayetapika damu au anayekonda bila sababu asingoje tarehe ya miadi.